William Dawes na Daftari za Lugha ya Sydney

Katika kurasa hizi wanachuo wamezoea kusoma maisha ya watu waliovumbua mbinu za kufundishia. Safari hii tumemchagua mtu aliyevumbua mbinu ya kujifunza. Wala hakuwa mwalimu kwa kazi yake, angalau si katika miaka ile inayotuhusu. Alikuwa ofisa wa askari wa majini wa Uingereza, mpima ardhi na mtazamaji wa nyota, jina lake William Dawes. Jina hilo limebaki katika ramani ya mji wa Sydney, nchini Australia, kwa kuwa ncha ya nchi kavu inapoanzia nguzo ya kusini ya daraja kubwa la bandari, lililofunguliwa mwaka 1932, huitwa kwa jina lake. Lakini kinachotufanya tumtaje mbele ya walimu wa shule za msingi ni daftari ndogo alizoziandika mwaka 1790 na 1791. Bila daftari hizo, sarufi ya lugha nzima ya wanadamu ingekuwa imetoweka pasipo kuacha alama.

Dawes alizaliwa mwaka 1762 huko Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Aliingia jeshini akiwa kijana wa miaka 17, na mwaka 1781 akajeruhiwa katika vita vya baharini dhidi ya Wafaransa karibu na pwani ya Amerika ya Kaskazini. Alikuwa hodari wa hesabu na elimu ya nyota. Serikali ya Uingereza ilipoamua kuwapeleka wafungwa wake Australia na kuanzisha koloni huko, Dawes alijitolea kwenda, na mnajimu mkuu wa ufalme, Nevil Maskelyne, akampa vyombo vya kupimia. Palikuwa na nyota yenye mkia iliyotazamiwa kurudi mwaka 1788, nayo ingeonekana vizuri zaidi upande wa kusini wa dunia. Basi msafara wa meli 11 ukang'oa nanga mwezi wa Mei mwaka 1787, ukafika Sydney mwezi wa Januari mwaka 1788. Dawes akajenga kibanda chake cha kutazamia nyota kwenye ncha ya bandari, mbali kidogo na mahema ya wenziwe. Nyota ile haikutokea. Hata hivyo kibanda kilibaki, na umbali wake kutoka kambini ulikuja kuwa na maana kubwa kuliko nyota yenyewe.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Kando ya bandari waliishi wenyeji waliojigawa katika makundi kama vile Wakadigal, Wawangal na Wakamarigal. Mwanachuo atazame majina hayo kwa makini. Kiswahili huweka kiambishi mwanzoni ili kuonyesha watu wa mahali: Wapemba, Wagogo, Waunguja. Wenzetu wa Sydney waliweka kiambishi mwishoni, nacho ni -gal. Kwa hiyo sisi tunaposema Wakadigal tumewavika kilemba juu ya kofia, kwa sababu watu wametajwa mara mbili, mwanzoni kwa desturi yetu na mwishoni kwa desturi yao.

Mwanzoni wageni na wenyeji hawakuelewana hata kidogo. Wageni walikuja na orodha fupi ya maneno iliyokusanywa mwaka 1770 katika safari ya nahodha James Cook, wakidhani kwamba Australia nzima ina lugha moja. Neno kangaruu lilikuwamo, lakini lilitoka kwa watu wa kaskazini ya mbali, na hapo Sydney halikujulikana. Wenyeji walilisikia kinywani mwa Waingereza wakadhani ni Kiingereza. Mmoja wao, Colebee, alipoonyeshwa ng'ombe walioshushwa melini, aliuliza kama hao nao ni kangaruu. Kila upande ulikuwa umejifunza neno kutoka kwa mwenziwe na kumwachia mwenziwe maana yake. Mwalimu aliyepata kuwasikiliza watoto wa darasa la kwanza wakiimba maneno ya lugha ngeni atatambua hali hiyo mara moja.

Mwezi wa Aprili mwaka 1789 ugonjwa wa ndui uliwaangukia wenyeji. Kwa makadirio ya gavana wa koloni, Arthur Phillip, ambayo aliyapata kwa wenyeji wenyewe, yapata nusu ya watu wa sehemu ile walikufa. Miili ililala katika mapango na ufukoni. Waliobaki walijiunga upya katika makundi madogo, na baadhi ya watoto na vijana wakaanza kuingia na kutoka katika makazi ya wageni. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa umri wa miaka 15 hivi, aitwaye Patyegarang. Jina lake linafanana sana na neno ambalo wageni waliliandika kuwa ni kangaruu mkubwa wa kijivu katika lugha ya Sydney yenyewe. Msichana huyo ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa Dawes.

Tunasema mwalimu kwa kusudi. Maofisa wengine wa koloni nao waliandika maneno, na baadhi yao walikuwa watu makini. Lakini walikusanya kwa namna ambayo sisi sote tunaijua: kichwa, mkono, moto, maji, samaki, na kando yake tafsiri. Orodha ya namna hiyo ina faida yake, na hatuwakatazi wanachuo kuandika msamiati ubaoni. Ila orodha haisemi. Mtu anaweza kuwa na maneno 500 ya lugha asiweze kumwambia mtu aondoe mshumaa. Dawes naye alianza na orodha, kisha akaiacha nyuma. Alianza kuandika sentensi nzima, pamoja na jina la aliyeisema na jambo lililokuwa likitendeka wakati ule.

Tutoe mfano. Siku moja Patyegarang alitaka kumwambia Dawes aondoe mshumaa, ulimi ukateleza akataja blanketi. Alipogundua akasema neno moja, tariadiaou, yaani nimekosea kusema. Ofisa wa kawaida angecheka tu. Dawes aliandika neno, akaandika na kisa cha blanketi na mshumaa, na kwa sababu hiyo maana ya neno haina shaka hata leo. Mahali pengine aliandika putuwa, ambalo ni kuota mkono motoni na kisha kuyafinya polepole vidole vya mwenzio ili naye apate joto. Hakuna orodha ambayo ingeuliza neno la jambo kama hilo, kwa kuwa mwulizaji hajui kwamba lipo. Neno lilipatikana kwa sababu watu wawili walikaa penye moto na mmoja wao alikuwa na kalamu.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Dawes alikata kurasa za daftari kwa mistari na kuandika vichwa vya nafsi na nyakati, kama alivyofundishwa sarufi ya Kilatini shuleni, kisha akajitahidi kuvijaza. Chini ya kitenzi cha kuona, ambacho mzizi wake ni naa, tunapata naadiaou, niliona, naadiemi, uliona, naabaou, nitaona, naabami, utaona. Wanachuo wayaandike maneno hayo manne ubaoni, wafunike tafsiri, na kujaribu kuyachambua. Kinachobaki pale pale ni naa. Kati ya nitaona na utaona kinachobadilika ni -ou na -mi, basi hizo ndizo nafsi. Kati ya niliona na nitaona kinachobadilika ni -dia- na -ba-, basi hizo ndizo njeo. Sasa turudi kwenye neno la mshumaa, tariadiaou. Tunaona -dia- ya wakati uliopita na -ou ya nafsi ya kwanza, na kinachobaki mwanzoni ni mzizi wa kukosea kusema. Neno lililoandikwa kwa kisa na neno lililoandikwa kwa jedwali yanashuhudiana. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa maana amezoea kubeba nafsi, njeo na mzizi katika neno moja. Tofauti ni mpangilio tu: sisi twasema ni-ta-ona, wao walisema ona-ta-ni.

Dawes alikuwa pia na sikio. Lugha ya Sydney ilianza maneno mengi kwa sauti ambayo sisi huiandika ng', ile ya ng'ombe na ng'ambo. Mwingereza huisikia sauti hiyo katikati au mwishoni mwa neno tu, na ikija mwanzoni huipoteza. Dawes alichagua herufi ya pekee kwa ajili yake. Mahali alipoyumba ni katika b na p, d na t, g na k: neno lile lile aliliandika leo hivi, kesho vile. Hilo si uzembe. Lugha nyingi za Australia hazitofautishi sauti hizo. Kwa wenye lugha, bata na pata lingekuwa neno moja. Sikio la mgeni lilikuwa likitafuta tofauti isiyokuwapo. Tunawashauri wanachuo watakaopangiwa shule za vijijini walikumbuke jambo hili wanaposahihisha imla ya mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake haitofautishi l na r. Kosa la namna hiyo lina sababu yake, na sababu hiyo yaweza kuelezwa kwa upole.

Hatupendi kumchora Dawes kama malaika. Katika daftari yamo mambo yanayomshitaki. Aliwahi kumwambia Patyegarang kwamba akioga mara kwa mara atakuwa mweupe. Msichana alijaribu, kisha akalitupa taulo chini kwa kukata tamaa na kusema kwamba hatakuwa mweupe kamwe. Dawes aliliandika neno lake refu, na kile kitendo cha kulitupa taulo pia. Kwa hiyo tunalo neno, na tunayo pia aibu iliyolizaa. Je, alilisema kwa mzaha? Ukurasa haujibu. Sisi tunaona kwamba hata ikiwa ni mzaha, ulikuwa mzaha wa mwenye nguvu juu ya asiye na nguvu. Ni sifa ya Dawes kwamba hakuuficha.

Vile vile aliandika mazungumzo mazito zaidi. Alimwuliza Patyegarang kwa nini watu wake wana hasira, naye akajibu kwamba ni kwa sababu weupe wamekaa katika nchi yao. Alipouliza kwa nini Wakamarigal wanaogopa, alijibiwa kwamba ni kwa sababu ya bunduki. Hebu tufikiri maana yake. Katika kurasa zile zile za viambishi na njeo, msichana wa miaka 15 alieleza chanzo cha ukoloni na chombo chake. Dawes alikuwa ofisa wa hao wenye bunduki, na sasa hakuweza tena kusema kwamba hajui.

Mwezi wa Desemba mwaka 1790 jambo hilo lilimfikia. Mwindaji wa gavana, aitwaye McEntire, alichomwa mkuki na Pemulwuy, shujaa wa wenyeji. Gavana Phillip aliamuru kikosi kiende kulipiza kisasi. Agizo la kwanza lilikuwa kuwakamata watu wawili na kuleta vichwa vya watu 10, wala hapakuwa na amri ya kumtafuta mwenye kosa peke yake. Dawes alipangiwa kwenda, akakataa kwa maandishi. Kukataa amri jeshini si jambo dogo. Kasisi wa koloni alimshawishi, naye hatimaye akaenda. Kikosi hakikumkamata mtu yeyote. Aliporudi, Dawes alitangaza kwamba anajuta kwa kukubali, na Phillip akakasirika mno. Dawes alikuwa ameomba abaki Australia. Gavana alitaka kwanza aombe radhi, kwa hilo na kwa ugomvi mwingine mdogo juu ya chakula, Dawes hakuomba. Mwezi wa Desemba mwaka 1791 alipandishwa meli kurudi Uingereza, na somo likakatika. Majedwali mengine ya vitenzi yaliachwa na nafasi tupu, vichwa vya nafsi na njeo vimeandikwa lakini pembeni yake hapana kitu.

Maisha yake yaliyobaki tunayapitia kwa haraka. Kuanzia mwaka 1792 alitumikia Sierra Leone, koloni la Waafrika waliopata uhuru wao, akawa gavana zaidi ya mara moja. Walowezi wengi huko hawakumpenda, kwa kuwa alikuwa mtu mkavu na mkali. Baina ya safari alifundisha hisabati katika shule moja ya Uingereza, na kuwaandaa wamisionari waliokuwa wakienda Afrika. Mwishowe alihamia kisiwa cha Antigua katika bahari ya Karibi, akasimamia shule za watoto wa watumwa. Mwaka 1826 aliiomba serikali imlipe kwa kazi alizozifanya Australia nje ya zamu yake, asipewe kitu. Alikufa Antigua mwaka 1836, miaka miwili baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani, akiwa maskini. Hakurudi Australia. Habari za Patyegarang baada ya daftari kufungwa hazimo katika maandishi yoyote tuliyoyasoma.

Katika karne ya 19 lugha ya Sydney ilikoma kusemwa kila siku. Watu wake walisukumwa, wakachanganywa, wakazuiwa wasiwafundishe watoto wao. Maneno yake machache yalihamia katika Kiingereza, na mengine yameenea duniani: dingo, koala, wombati, bumerangi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mpima ardhi mwingine, R. H. Mathews, aliandika habari fupi za lugha ya jirani upande wa bara, ambayo wengi huihesabu kuwa ni lahaja ya lugha hiyo hiyo. Zaidi ya hayo palikuwa na kimya. Hali hii si ya Australia peke yake. Hapa Tanzania lugha za Kiaasa na Kikw'adza zilinyamaza katika karne ya 20, na kilichoandikwa juu yake ni kidogo mno.

Daftari za Dawes zilikuwa zimefika mikononi mwa William Marsden, mtaalamu wa lugha ya Kimalei, ambaye maktaba yake iliishia katika Chuo Kikuu cha London, chuo kile kile kinachotunza hati nyingi za kale za Kiswahili. Zilikaa humo bila kujulikana na watu wa Sydney hadi zilipoorodheshwa na mkutubi wa Australia Phyllis Mander-Jones, katika orodha yake ya hati zilizohusu Australia, iliyochapishwa mwaka 1972. Miaka 181 ilikuwa imepita tangu Dawes aondoke.

Hapo ndipo kazi ya kuijenga upya sarufi ilipowezekana. Jakelin Troy, mwanaisimu ambaye naye ni mwenyeji asilia wa taifa la Wangarigu, alizikusanya daftari za Dawes pamoja na orodha za maofisa wengine, akalinganisha tahajia zote za kila neno, akachambua viambishi, na mwaka 1994 kitabu chake juu ya lugha ya Sydney kikatoka. Kazi ya namna hii inafanana na kuunga chungu kilichovunjika ambacho vipande vingine vimepotea. Kwanza mtafiti huamua sauti zipi zilikuwa tofauti kweli na zipi zilikuwa tofauti katika masikio ya Waingereza tu. Kisha hukata maneno kama tulivyofanya hapo juu. Penye pengo hutazama lugha za jirani, kwa sababu lugha za ukoo mmoja hugawana viambishi kama ndugu wanavyogawana sura. Lakini lazima aandike wazi kipi kimetoka daftarini na kipi amekisia yeye. Lugha hii, kwa mfano, ilikuwa na namna ya pekee ya kusema sisi wawili, mbali na sisi wengi. Mwingereza hana tofauti hiyo katika vitenzi vyake, na mahali ambapo tafsiri imesema sisi tu, mtafiti hana budi kurudi kwenye kisa: walikuwapo wangapi penye moto? Hapo maelezo madogo ya Dawes, ya nani alikuwapo na nini kilitendeka, hufanya kazi ambayo kamusi haiwezi.

Tunawaomba wanachuo wajaribu zoezi lifuatalo watakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja amchague mtoto mmoja ambaye lugha yake ya nyumbani yeye mwanachuo haijui, na kwa ruhusa ya wazazi wake amwombe awe mwalimu wake kwa dakika 10 kila siku. Asiulize orodha ya majina ya vitu. Afanye naye kazi fulani, kama vile kuchota maji au kufagia darasa, na kuandika sentensi anazosema mtoto, pamoja na tarehe, jina la mtoto na kilichokuwa kikitendeka. Baada ya wiki mbili ajaribu kutenga mzizi, nafsi na njeo. Mtoto asomewe yaliyoandikwa, asahihishe, na nakala moja ibaki kwake.

Siku hizi daftari za Dawes zinaweza kusomwa na yeyote anayetaka, kwa kuwa picha za kurasa zake zimechapishwa, na mwandishi Kate Grenville alitunga riwaya mwaka 2008 kwa kufuata kisa chake. Mwaka 2003 jimbo la New South Wales lilitoa muhtasari wa kufundishia lugha za wenyeji asilia shuleni, na katika baadhi ya shule za Sydney na vitongoji vyake watoto wamekuwa wakifundishwa lugha hii, ikiwa ni pamoja na watoto wa ukoo wa wale waliokaa kando ya bandari. Walimu wao hukutana na nafasi zile tupu kila wanapoandaa somo la vitenzi. Nyingine zimejazwa kwa kulinganisha. Nyingine wenyeji wenyewe wamekaa na kukubaliana zijazwe vipi, ili watoto wapate kusema. Na nyingine ziko wazi bado, kama Dawes alivyoziacha alipoitwa melini.